Mshika Begi wa Staa wa Netiboli

Kila shule kubwa ya serikali ina staa wake. Huyo mnamjua. Ndiye anayetajwa paredi Jumatatu asubuhi, ndiye ambaye hata wa Kidato cha Kwanza walioingia wiki iliyopita wanamnyooshea kidole kwa siri. Na kila staa ana mtu anayemshikia begi. Huyu wa pili kwenye picha hatokei, na akitokea basi kakatwa nusu. Stori hii ni ya huyo wa pili, ingawa bila wa kwanza isingekuwepo.

Ni mabinti wawili wa Dar. Majina yao yabaki kwao.

Walianza Kidato cha Kwanza Januari 2016, mwaka ule elimu bila ada ilipoanza. Ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Anayeiona hiyo kuwa ni hela ndogo hajawahi kuwa na watoto watatu wa sekondari na genge moja la nyanya. Ilipofutwa, watoto waliokuwa wanasubiri mpaka mzazi ajipange waliletwa siku ya kwanza, wote kwa mpigo. Shule ikafurika. Mikondo ilianzia A ikaishia H, na mkondo wao peke yake ulikuwa na wanafunzi 94. Dawati la wawili wanakaa watatu, wa pembeni nusu ya mwili iko nje. Hivyo ndivyo hawa wawili walivyojuana: mmoja alikuwa mrefu, miguu haienei chini ya dawati, mwingine mdogo wa umbo, akimpisha.

Sasa fikiria mwalimu anaingia, kipindi ni dakika 40, mbele yake kuna vichwa 94. Akiita majina yote, muda wa kufundisha umekwisha. Kwa hiyo haiti. Anasema, "Wewe, wa tatu kutoka dirishani." Au, "Wewe mwenye sweta." Mtu anaweza kumaliza mwaka mzima shuleni akiitwa mwenye sweta. Sio roho mbaya ya walimu, ni hesabu tu. Ila mtoto wa miaka 14 haelewi hesabu hiyo. Anachoelewa ni kwamba hakuna anayemjua.

Yule mrefu alijulikana Kidato cha Pili, tena kwa bahati. Jumatano ya michezo mchezaji mmoja wa netiboli alikuwa anaumwa. Mwalimu wa michezo, ambaye kipindi chake halisi kilikuwa Uraia, akaangalia huku na huku akasema, "Wewe mrefu, ingia." Akamvika kitambaa cha C, yule wa kati. Kwa wasiojua, C hafungi goli hata moja, haruhusiwi hata kuingia kwenye nusu duara ya goli, lakini karibu kila mpira unapita kwake. Na kwenye netiboli hukimbii na mpira, wala hukai nao zaidi ya sekunde tatu. Unadaka, unaamua, unatoa.

Darasani binti huyu alikuwa mzito. Akiulizwa swali kwa Kiingereza alikuwa analitafsiri kichwani, anatafuta jibu kwa Kiswahili, anarudi kulitafuta kwa Kiingereza, akimaliza mwalimu keshahamia kwa mwingine. Uwanjani sekunde tatu zilimtosha na chenji ikabaki. Siku ile alidaka mipira ambayo watu walishaikatia tamaa. Wiki mbili baadaye mkuu wa shule alitaja jina lake paredi, majina yote matatu. Shule nzima ikageuka kumtafuta. Yule mdogo aliyekuwa amesimama pembeni yake naye aliangaliwa kidogo, kwa sababu ya ujirani.

Hapo ndipo kazi ya begi ilipoanza.

Usiidharau. Uwanja hauna chumba cha kubadilishia nguo, hauna kabati, na begi likiachwa chini ya mwembe kwa dakika kumi, kikokotoo kinaota miguu. Lazima mtu awepo. Basi mdogo alikaa pale kila jioni ya mazoezi, mabegi mawili mapajani, chips dume za mia mbili kwenye karatasi zenye pilipili ya ukwaju, huku anafanya kazi zake za darasani. Saa kumi na mbili wanaondoka pamoja kwenda kituoni.

Na kituoni ndipo penyewe. Nauli ya denti ilikuwa shilingi 200, nusu ya ya mtu mzima, na konda anaiona hasara hiyo kwa mbali. "Denti wawili wametosha!" na gari lina nafasi. Staa akibaki na nguo za mazoezi anadaiwa 400 kwa urefu wake, akivaa sare anasukumwa. Wakabuni mbinu. Mrefu anasimama na watu wazima kama hahusiki. Mdogo anapenya chini ya mkono wa konda, anakaa mlangoni na mabegi yote mawili, hatoki. Konda akimaliza kumfokea, mrefu keshaingia. Wanacheka njia nzima. Mama wa staa, aliyekuwa na genge lake jirani na nyumbani, alisikia mbinu hiyo akasema huyu mdogo si mtu wa mchezo, huyu ni karani wetu. Jina likakaa. Karani.

Kama miaka miwili ikaenda hivyo. Kidato cha Nne ndicho kilichoharibu.

Kuanzia Januari 2019 mlango wa ofisi ya taaluma ulibandikwa orodha. Mwalimu wa taaluma alikuwa amepanga wanafunzi kwa makundi: wanaotegemewa kufaulu vizuri, wanaoweza wakikazana, na wale ambao wasipopata sifuri tutashukuru. Karani alikuwa kundi la kwanza, chini chini. Staa alikuwa la pili. Mwezi Juni, madarasa mengine yakifunga, Kidato cha Nne wanabaki kambini, yaani kambi ya masomo, wanamalizia silabasi kabla ya moko. Juni hiyohiyo ndiyo ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Unaanzia shuleni, unachujwa wilayani, unachujwa mkoani, na ukibaki unakwenda taifa. Staa alibaki kila walipochuja. Mwaka huo taifa ilikuwa Mtwara. Ukijumlisha kambi ya mkoa na mashindano yenyewe, ni kama wiki nne.

Kikao kilifanyika ofisini kwa mkuu wa shule. Mwalimu wa taaluma hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe, maana kwenye stori za wanamichezo mtu kama yeye hugeuzwa shetani. Alikuja na karatasi ya alama. Kwenda Kidato cha Tano kunataka angalau C tatu. "Huyu C mbili ninaziona," alisema. "Ya tatu ipo njiani. Akiondoka mwezi mzima ya tatu tunaizika." Mwalimu wa michezo akauliza, "Na asipoenda, nani atakuja kumuona huku?" Wakabishana. Baadaye wakamkumbuka mzazi, aliyekuwa amekaa muda wote na kibegi chake mapajani.

"Mama, wewe unasemaje?"

Mama aliwaza. Kisha akauliza, "Mwalimu, huko wanakula?"

Mkuu wa shule alicheka, akafunga faili. "Atakwenda. Notsi atachukua kwa mwenzake."

Mwenzake alikuwa nje kwenye korido, ameshika begi. Hakuna aliyefungua mlango kumuuliza. Ukiangalia kwa makini, hapo ndipo kosa lilipofanyika, na halikuwa la mabinti hawa.

Mama wa staa alinunua kaunta buku mpya za masomo manne, akampa Karani na hela ya kalamu. Karani akaanza. Mchana anaandika kwa ajili yake, jioni anaandika upya kwa ajili ya rafiki yake. Wiki ya kwanza aliandika kiroho safi, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, michoro kwa penseli, hata utani pembeni. Wiki ya pili mkono ukaanza kuuma. Akafupisha maneno. Michoro ikawa midogo, na mmoja hakuuweka majina ya sehemu zake. Kwao walikuwa wanatumia luku, na luku ikiisha kunaisha kila kitu, kwa hiyo siku nyingine alinakili akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka la jirani, chini ya taa yake, anapigwa na mbu. Wenzake waliokuwa wananakili mara moja walikuwa wameshalala au wameshasoma.

Wiki ya tatu ikaja picha. Iliingia kwenye simu ya kaka yake. Staa yuko ufukweni Mtwara, amevaa trakisuti ya mkoa, mkononi ana kijiti cha pweza, anacheka mdomo wazi. Pembeni yake yuko msichana mwingine, hata hafahamiki, na begani kwa msichana huyo limening'inia begi. Lile begi. Zipu yake Karani ndiye aliyeishona kwa mkono wake.

Mambo madogo haya ndiyo yanayoua. Wala sio pweza, wala sio bahari.

Usiku ule somo lilikuwa Biolojia, mada ya jenetiki. Alinakili ya kwake yote: Mendel na njegere zake, ndefu na fupi, uwiano wa 3 kwa 1, ule mchoro wa visanduku vinne. Alipofungua daftari la rafiki yake aliandika kichwa cha habari kwa wino mwekundu, akapiga mstari chini yake. Kisha akaruka kurasa nne, akalifunga. Alijiambia atazijaza Jumamosi. Jumamosi ikapita, na nyingine ikapita.

Staa alirudi na nusu kilo ya korosho na stori za siku tatu mfululizo. Nani kafunga, nani kalia, nani kalala juu ya godoro la nani. Karani akacheka palipostahili, akala korosho, akakabidhi madaftari. Hakusema kitu kuhusu kurasa nne. Walikuja moko, ukaja mtihani wenyewe Novemba, na katikati palikuwa na nafasi ya kusema kila siku, dawati lilelile, bega kwa bega. Hakusema.

Matokeo yalitoka Januari 2020. Unatafuta namba yako, siyo jina, unateremka kwenye orodha ndefu kwa kidole kwenye kioo cha simu. Karani alipata daraja la pili, pointi 20. Kabla hata hajapiga kelele kidole chake kilishateremka kwenye namba nyingine aliyokuwa anaijua kwa kichwa. Daraja la nne, pointi 27. Kiswahili C. Uraia C. Biolojia D.

C mbili.

Kiukweli hakuna mtu anayeweza kuthibitisha kwamba kurasa nne za jenetiki ndizo zilizotoa ile D. Mtihani una maswali mengi, silabasi ni ya miaka minne, na staa alikuwa anapata D ya Biolojia hata kabla hajajua Mtwara iko upande gani. Karani aliyajua yote hayo. Aliyarudia kichwani kama mtu anayekariri, na hayakusaidia. Alichaguliwa Kidato cha Tano, akasoma Kemia, Biolojia na Jiografia, bweni, mkoa wa mbali. Corona ilikuwa imefunga shule, kwa hiyo walichelewa kwenda, na ile miezi ya kukaa nyumbani alikuwa anapita njia ya nyuma ili asipite gengeni kwa mama wa staa. Mama alimtumia salamu mara tatu. Karani wetu amefaulu, aje achukue maandazi yake. Hakwenda.

Baadaye wakapotezana kama watu wanavyopotezana, namba ya simu ikabadilika, ikatosha.

Sasa hivi Karani ni mwalimu. Yaani kasomea ualimu, kamaliza chuo 2025, kaomba ajira serikalini, na wakati anasubiri kuitwa usaili anajitolea kwenye shule ya serikali pembeni ya jiji. Anapewa hela ya nauli. Kidato cha Nne chake kina wanafunzi 87. Siku ya kwanza aliwaambia wakate karatasi, wakunje, waandike majina na kuyasimamisha juu ya dawati. Iliwachukua kipindi kizima na mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuuliza kelele za nini. Lakini mpaka leo hakuna mwenye sweta darasani kwake.

Jenetiki anaifundisha vizuri kuliko mada nyingine yoyote, wanafunzi wanasema. Hawajui kwamba mara ya kwanza alipoandika kile kichwa cha habari ubaoni alisimama na chaki akashindwa kuendelea, mpaka wa mbele akamuuliza, "Madam, tuandike?"

Mwalimu wa michezo alipokuja na majina ya wanaokwenda mazoezi ya UMISSETA, Karani hakubisha. Aliuliza kitu kimoja: notsi atawaandikia nani? Mwalimu wa michezo akasema watachukua kwa wenzao. "Hapana," akasema. Alikwenda kutoa kopi kwa hela yake, ile ile ya nauli, akambana mwalimu wa michezo awe anazibeba. Walimu wenzake walimuona anajikuza. Mtu wa kujitolea, na bado ana masharti.

Staa je? Staa hakupotea. Alikwenda kujitolea jeshini, akaonekana kwenye timu, timu ikampa ajira. Ana mshahara unaoingia kila mwezi, ana bima, kamjengea mama yake banda la genge lenye bati na sakafu ya saruji. Mwenye daraja la nne ana ajira, mwenye digrii anajitolea. Msomaji unaweza kulicheka hilo au kulilia, yote yanaruhusiwa.

Walikutana mwaka huu kwenye bonanza la netiboli, Jumamosi mchana. Karani alikuwa amepeleka mabinti sita wa shuleni kwake wakaangalie wakubwa wanavyocheza. Hakujua timu ipi inacheza. Akaona mtu mrefu amevaa C, anadaka mpira uliokuwa unatoka, anautoa kabla mtu hajapepesa. Alikaa chini.

Mchezo ulipokwisha yule mrefu alikuja moja kwa moja. "Karani! Shoga, umekwenda wapi wewe? Mama kila siku anakuulizia!" Akamkumbatia na jasho lake lote. Mabinti sita wakatoa macho. Madam kumbe anajuana na mastaa.

Walikaa kwenye ngazi. Waliongelea mama, waliongelea konda wa zamani, wakacheka. Karani aliona asiposema siku ile hatasema tena.

"Kuna kitu nataka nikwambie. Lile daftari la Biolojia, nililokuandikia ulipokuwa Mtwara. Jenetiki sikuiandika. Niliacha kurasa nne. Makusudi."

Staa alikunja uso, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Daftari gani?"

"La Biolojia. Kaunta buku. Mama yako ndiye aliyenunua."

"Ahaa." Akanywa maji. "Shoga, mimi nikwambie ukweli? Nilirudi nimechoka, nikaona yale madaftari ni mengi, nikaogopa hata kuanza. La Biolojia nilifungua kama mara mbili hivi. Niliangalia ile michoro yako ya mwanzo. Ulikuwa unachora vizuri wewe."

Karani hakujibu. Miaka sita na zaidi amebeba kurasa nne, na mwenye daftari hakufika hata kwenye hizo kurasa. Mzigo ukamtoka, hilo ni kweli. Lakini hapohapo akazikumbuka zile nyingine, zile alizoziandika kwa wino mwekundu na mbu miguuni, mamia ya kurasa, nazo hazikusomwa. Alitaka kukasirika, akashindwa kujua aanzie wapi. Akaanza kucheka. Staa naye akacheka, bila kujua wanacheka nini hasa.

"Makusudi kwa nini lakini?" staa akauliza baadaye.

"Ile picha ya pweza. Yule aliyekubebea begi."

"Nani?" Akafikiria sana. "Simkumbuki hata jina."

Jua lilianza kushuka. Mabinti sita walitangulia kituoni, wakiwa na sare, na ikabidi Karani aende akagombane na konda mpaka wote sita wakapanda. Gari lililofuata halikuwa na shida. "Wakubwa, twende, wawili!" Staa akalipa nauli ya wote wawili, akakaa dirishani, akaanza kuongea na simu na mama yake kwa sauti ya juu, "Mama, huwezi kuamini niko na nani!" Akamgeuzia Karani simu. Karani alipotaka kuipokea ndipo alipogundua kwamba mikono yote imejaa. Mabegi mawili yalikuwa mapajani kwake, na hakukumbuka ni saa ngapi alilipokea la pili.